Historia ya Yaya Wivine, Aliyepanda Kushusha Bashi

Tata pasta, batata na bamama, mafundi wenzake wa kushona, majirani, na ninyi wachimbaji mliokuja na buti zenu za mgodini bila hata kuzipangusa, familia ya Tata Tshibangu inawasalimu, na kabla ya yote inawaomba radhi kwa jua hili, maana tunajua kilio cha heshima hapa Kolwezi ni kilio chenye bashi, na tumesikia tangu jana wale waliokaa nyuma wakinong'ona kwamba familia imeshindwa hata kufunga turubai moja, na kwamba huyu Sadrack anayejisifu katika kila baa ya mji leo amewaanika watu kama samaki wa ziwa la Nzilo. Bashi ipo, wapenzi. Ni kubwa, ya buluu, imekunjwa nyuma ya nyumba, na sababu ya kukunjwa kwake ndiyo historia yenyewe tutakayoisoma.

Anayesoma ni huyo huyo Sadrack, mdogo wake marehemu, aliyemwita yaya kwa maana ya dada mkubwa, aliyeacha shule darasa la sita na ambaye hajawahi kunyamaza tangu siku hiyo, na aliyemchagua ni Shangazi Bilonda, aliyewaambia wazee waliotaka mwalimu asome, "Apana, huyu njo eko na kinywa kikubwa mu hii familia, leo kitumike kazi."

Marehemu Wivine Tshibangu alizaliwa hapa Kolwezi, Jumapili tarehe 14 Aprili 1991, mtoto wa kwanza wa Tata Tshibangu, fundi wa karakana ya mgodi, ambaye baba yake aliletwa kutoka Kasai kuchimba shaba, na wa Mama Mushiya, aliyetutangulia, na wote waliomwona mtoto yule wanashuhudia kwamba alizaliwa mzima, mwenye mashavu, na miguu iliyokuwa sawa na ya mtoto mwingine yeyote, tunalisema hili mapema kwa sababu kuna midomo iliyosema miaka thelathini kwamba alizaliwa hivyo.

Mwezi wa tatu mwaka 1993, wakati watu wa asili ya Kasai walipokuwa wakifukuzwa katika nyumba zao na maelfu wakilala kwenye stesheni kungoja treni, Tata Tshibangu hakwenda stesheni, kwani jirani yake Tata Symphorien, mtu wa hapa hapa, alimwingiza yeye na mkewe na mtoto katika stoo iliyokuwa nyuma ya nyumba yake, akapigilia dirisha misumari, akawaambia wasitoke mpaka yeye aseme, na wakakaa humo miezi minane, wakila bukari, ndiyo ugali wetu, na majani ya mihogo yaliyopitishwa chini ya mlango, bila maziwa, bila samaki, bila jua hata la dakika moja. Wivine alikuwa na umri wa karibu miaka miwili alipoingia, umri ambao mifupa ya mtoto inakimbia kukua, na Novemba walipofungua mlango, alitoka akitembea, na miguu yake ilikuwa imepinda kwa nje kuanzia magotini, ikaacha katikati nafasi ya kupitisha mpira. Tata Symphorien alilia alipoiona. Alikuwa ameokoa watu watatu, na familia hii itamshukuru mpaka mwisho wa dunia, lakini hakuna aliyejua wakati ule ni nini kilichotokea ndani ya stoo ile, watu wakasema ni uchawi, wakasema ni mama aliyembeba vibaya mgongoni, wakasema ni damu ya Kasai.

Mwaka 1999 alipelekwa Mutshatsha kwa treni, kwa mzee mmoja mfunga mifupa, aliyemfunga miguu miwili kwa vibao na kamba za mpira wa ndani ya baiskeli, miezi sita, akisema mfupa ni kama mche, unaweza kuunyoosha kwa kuuegemeza, na Wivine alirudi na makovu mnayoyajua nyote mliowahi kuoga naye mtoni, miguu ikiwa imepinda kama ilivyokwenda.

Shule ya msingi aliimaliza mwaka 2003, akiwa wa kwanza wa darasa, na huko ndiko alikopewa jina la Paranteze, kwa ile miguu iliyosimama kama mabano mawili yasiyo na neno katikati, jina lililomfuata sokoni, kanisani na hata kwenye kwaya, na kama mko wakweli, humu ndani wapo zaidi ya hamsini waliomwita hivyo, msiangalie chini, hata Sadrack alimwita hivyo. Alikuwa mwanafunzi wa mwaka wa pili wa sekondari, tarehe 6 Oktoba 2004, Mama Mushiya alipofariki, akaacha mtoto wa kiume wa miaka mitatu, na Wivine akaacha daftari, akamfunga yule mtoto mgongoni kwa kikwembe, akambeba kwa miguu ile ile ya kuchekwa, kisimani, kanisani, hospitalini wakati wa surua, mpaka mtoto akawa mzito kuliko yeye, na bamama wa mtaa walimwambia, "Weye Paranteze, utamwangusha mutoto wa watu," naye alikuwa akijibu, "Mutoto wa watu gani, huyu ni wangu." Mtoto huyo ndiye aliyeshika karatasi hii. Hakuangushwa hata siku moja.

Kazi yake ilikuwa kushona, aliyojifunza kwa masista mwaka 2006, na kuanzia 2009 alikuwa na mashini yake ya kukanyaga kwa miguu pale karibu na soko, na hapa familia inataka kujisifu kidogo, kwa sababu hakuna mwanamke wa mtaa huu aliyevaa sketi iliyoanguka sawa bila kupita mikononi mwake, aliweza kumwangalia mtu akivuka barabara akajua bega gani liko chini na kiuno kipi kimezidi, akakata kitambaa kwa namna ya kulificha lile kosa, na yeye mwenyewe alishona zake mpaka ardhini, zikafagia vumbi lote la Kolwezi. Kukanyaga mashini kulimuuma magoti, lakini alikuwa akiimba kwa sauti kubwa zaidi kila yalipouma, kwa hiyo sisi tulidhani anafurahi.

Tarehe 12 Julai 2014 aliolewa na Nkongolo Dimitri, mchimbaji kutoka upande wa Kananga, ndiye yule amekaa karibu na sanduku na hajanywa hata maji tangu Jumatano. Wazee wa Dimitri walipokuja kuleta mahari, mmoja aliomba bibi arusi atembee kutoka mlangoni mpaka langoni ili wamwone, na Shangazi Bilonda akasimama akauliza, "Munatafuta bibi ao munachagula ng'ombe ku soko?" lakini Wivine alikuwa ameshatoka, akatembea polepole mpaka langoni, akageuka, akarudi, akamwambia yule mzee, "Tata, umeona, sasa na mimi naona macho yako iko namna gani," na Dimitri alicheka akaanguka kutoka kitini, harusi ikapita.

Mungu aliwajalia watoto wawili. Wa kwanza, mvulana, alifariki tumboni tarehe 9 Mei 2017, baada ya uchungu wa siku mbili, na daktari alieleza kwamba ugonjwa uliopinda miguu utotoni ulikuwa umebana pia mifupa ya nyonga, njia ikawa nyembamba, ni neno ambalo Wivine hakuwahi kuambiwa na mtu kabla ya siku hiyo. Wa pili ni Darlène, aliyezaliwa kwa kupasuliwa, Jumanne tarehe 2 Februari 2021, mwenye afya, mwenye sauti, na miguu ya kila mtoto mchanga, imejikunja kidogo, kama inavyokuwa, na kunyooka yenyewe wanapokua.

Na hapa ndipo Sadrack anapoingia katika historia hii, angetamani asiingie. Mwaka ule wa 2021 mgodi ulikuwa umempenda, alikuwa kijana wa miaka ishirini mwenye miwani ya jua na simu mbili, na nyumba ya dada yake iko kando ya barabara ya malori ya madini, yanayopita kutwa kucha na kuacha vumbi jekundu juu ya sahani, juu ya godoro, ndani ya pua ya mtoto, hivyo Sadrack alinunua bashi kubwa kuliko zote zilizokuwepo sokoni, akaifunga kutoka paa mpaka juu ya ukuta, akaufunika ua wote, akaweka vioo vyeusi madirishani, akaita marafiki waje waone, akawaambia, "Mutoto wa yaya yangu hatakula vumbi ya mutu." Wivine alimshukuru kwa machozi. Alimwambia kila mteja wake kwamba mdogo wake amemjengea hewa safi. Na Darlène alikulia chini ya bashi ile, katika kivuli cha buluu, akishinda karibu na mashini ya mama yake, akila bukari na mboga, na alipoanza kutembea vizuri, miguu yake, badala ya kunyooka, ilianza kufunguka kwa nje.

Wivine aliona kabla ya wote. Mtu aliyezoea kupima watu kwa jicho hakuweza kutoona. Alishona suruali ndogo pana, akamvalisha, akanyamaza miaka miwili, na familia haikujua kwamba kila jioni alikuwa akimsimamisha mtoto mlangoni, vifundo vya miguu vikigusana, na kupima nafasi ya magoti kwa utepe wake wa kushonea, akiandika namba ukutani nyuma ya kabati, namba zilizoongezeka, tumezikuta juzi tulipohamisha kabati.

Tarehe 11 Machi 2025 hatimaye alimpeleka hospitalini kwa Daktari Elisée, ambaye amekubali tuyasome haya. Daktari alipiga picha ya mifupa, akaeleza kwa uvumilivu kwamba miguu ya matege ina sababu nyingi, wapo watoto wanaokuwa hivyo mpaka karibu miaka miwili na kupona wenyewe, wapo walioumia pale mfupa unapokulia, wapo wanaougua sehemu ile karibu na goti, lakini huyu mifupa yake ni laini kwa kukosa jua juu ya ngozi na kwa chakula kisichoijenga, kisha akauliza, "Mama, huyu mutoto anaona jua saa ngapi?" Wivine akasema, "Docteur, tulimuficha juu ya vumbi, isimufikie." Daktari akaangalia chini, akaona umbo la miguu ya Wivine mwenyewe chini ya ile sketi ndefu, akauliza polepole, "Na weye, walikuficha juu ya nini?" Wivine akasema, "Juu ya watu."

Alirudi nyumbani siku ile akiwa amepewa jibu la maisha yake yote, na aliyempa Darlène ugonjwa ule si mchawi, si damu, ni upendo wa familia yake, mara ya pili.

Dawa ilikuwa rahisi, na urahisi huo ndio unaotuua: matone ya kumnywesha, samaki wadogo wa kuliwa na mifupa yao, mayai, maziwa yakipatikana, na jua kila asubuhi kuanzia saa tatu, mikono na miguu wazi. Daktari alisema kwa umri wa miaka minne bado kuna nafasi mifupa kujirudi yenyewe, picha nyingine ipigwe Jumanne tarehe 5 Agosti, na kama hakuna mabadiliko, mtoto ataandikwa kwa wapasuaji wanaokuja Lubumbashi, wamwekee kibati kidogo cha chuma chenye skrubu mbili upande wa nje wa goti, upande ule usimame kungoja, wa ndani uendelee kukua mpaka uufikie, mguu unyooke wenyewe, lakini kwa mtu mzima aliyekwisha kukua hakuna kungoja, ni kuukata mfupa na kuuunga upya. Wivine aliulizwa kama angependa na yeye aandikwe. Alisema, "Aanze yeye."

Basi kilichobaki kilikuwa kushusha bashi. Mwezi wa nne alimwomba Sadrack, Sadrack akasema mvua haijaisha. Mwezi wa tano akamwomba, Sadrack akasema sasa kiangazi kimeanza, vumbi litamuua mtoto kabla ya miguu, na tena watu watasema nini wakiona ameshusha kitu alichokipandisha mbele yao wote. Kwa hiyo Wivine alimbeba Darlène kila asubuhi mpaka uwanja wa kanisa, akaketi naye juani saa nzima, akarudi kushona, mpaka mwanzo wa mwezi wa saba goti lake la kulia lilipovimba, akashindwa kufika. Alhamisi tarehe 17 Julai alimwomba mara ya tatu, alimwambia, "Sadrack, mi nakuomba kama mama yako, shusha ile kitu," na Sadrack, ambaye alikuwa na rafiki zake wawili hapo na chupa mkononi, alijibu, "Yaya, yako ilipinda wakati mi sijazaliwa, na ile nayo ilikuwa kosa ya bashi yangu?" wakacheka wote watatu. Wivine pia alicheka kidogo. Alikuwa amezoea kucheka.

Jumamosi tarehe 19 Julai, saa tatu asubuhi, Dimitri akiwa mgodini, Wivine aliweka kiti cha mashini juu ya meza ya kukatia vitambaa, akapanda, akiwa na mkasi wake mkubwa, akakata kamba ya kwanza, akakata ya pili, na alipojinyoosha kuifikia ya tatu, goti lilimwacha. Sadrack, aliyekuwa akikaa kwao, alikuwa amelala chumbani, hatua kumi na mbili kutoka hapo, alisikia kishindo, akadhani ni lori, akageukia ukutani. Majirani walioingia mbio walikuta nusu ya bashi imeanguka, jua limeingia uani kwa mara ya kwanza baada ya miaka minne, limechora mstatili chini, Darlène ameketi katikati yake amenyoosha miguu, hakusogea, kwa sababu mama yake, aliyelala pembeni kivulini mfupa umetoka nje ya ngozi chini ya goti la kulia, alikuwa akimwambia kwa sauti ya kawaida kabisa, "Baki hapo, mama, baki hapo hapo, bado saa haijatimia."

Sadrack alishusha nusu iliyobaki mchana ule. Ilimchukua dakika nne.

Wivine alipasuliwa Jumatatu tarehe 21 Julai, na daktari, kwa kuwa mfupa ulikuwa umevunjika pale pale ulipopindia, aliuunga ukiwa umenyooka. Siku ya tatu Wivine alimwita Sadrack karibu na kitanda, akamwambia afunue shuka, akasema, "Angalia, moja iko ya madame sasa," na ni kweli, mguu wa kulia ulikuwa umenyooka, hata umezidi wa kushoto kwa urefu wa vidole viwili, Sadrack alijaribu kutafuta neno la kumtania kama siku zote, kinywa hiki kikubwa kikakosa, akauliza tu kama unauma. Akasema unauma vizuri. Kisha akasema, "Wangu ulichelewa. Wa Darlène usichelewe, Jumanne ya tarehe tano usisahau, na vile unasahau vitu vyote, andika." Sadrack aliandika kwenye kiganja.

Jumatano tarehe 30 Julai 2025, saa kumi na moja alfajiri, damu iliyoganda mguuni ilipanda ikaziba mapafu, madaktari walipigana nayo dakika arobaini, na Wivine akafariki, akiwa na umri wa miaka thelathini na minne, miezi mitatu na siku kumi na sita, siku tisa baada ya kupata mguu ulionyooka, ambao hakuwahi kuusimamia.

Ameacha mume, mtoto mmoja, baba, shangazi, na mdogo aliyembeba.

Familia inamshukuru Daktari Elisée na wauguzi wote, waliofanya kilichowezekana na ambao hatuna neno juu yao, inawashukuru majirani waliombeba kwa mlango uliong'olewa, familia ya Tata Symphorien iliyofika kabla ya ndugu zetu wenyewe, kwaya, wachimbaji waliochimba kaburi bila kuitwa, na mafundi wa kushona wa sokoni, waliomshonea nguo hii ya mwisho usiku na mchana, wakamwuliza Tata Tshibangu waishone mpaka chini kama alivyopenda, na Tata, ambaye hajasema mengi tangu 1993, akasema, "Hapana, ya magotini. Aonekane."

Mnaomtafuta Darlène kwa macho, ni yule pale, kwenye kiti cha mashini, miguu wazi. Hatujui picha ya Jumanne itasema nini. Namba ya mwisho ukutani, aliyoiandika mama yake tarehe 18 Julai, ni ile ile ya mwezi wa sita, haikuongezeka, haikupungua, na sisi hatuwezi kusoma zaidi ya hapo, aliyejua kupima amelala hapa. Utepe wake uko mfukoni mwa Sadrack, na hata tarehe ile bado iko kiganjani, hakuiosha.

Sasa ni saa tatu na nusu. Tunawaomba, wapenzi, msihamie kivulini, na msisimame mbele ya mtoto, kaburi litangoja mpaka saa nne ili jua lake litimie, ndivyo marehemu alivyotaka asubuhi ile, na safari hii hakuna atakayecheka.

Yaya Wivine, ulitubeba vya kutosha, laza miguu yako yote miwili, pumzika kwa amani.